Akiba ya Ngozi

Wazee wetu husema ya kwamba akiba haiozi, nao husema hivyo kwa habari ya mahindi yaliyokaushwa vema, au fedha iliyofungwa katika pindo la nguo. Leo nataka kuwaeleza habari za akiba ambayo huoza, tena huoza upesi kama samaki aliyeachwa juani, nayo ni ngozi ya mwanadamu. Nitawasimulia jinsi madaktari wa nchi mbalimbali walivyojifunza kuibandua ngozi mahali penye uzima, kuiweka chomboni siku kadha wa kadha, kisha kuirudisha mwilini nayo ikashika na kuota, kama mche uliohamishwa kutoka kitaluni.

Huenda mtu akauliza, Jambo hili latuhusu nini sisi? Kila mwenye nyumba yenye mafiga anajua. Mtoto huangukia moto, au sufuria ya maji yachemkayo humpindukia, au taa ya mafuta hulipuka usiku watu wamelala. Ngozi ndiyo ukuta wa mwili. Kwa nje huzuia vidudu vya ugonjwa visiingie, na kwa ndani huzuia maji ya mwili yasitoke. Mtu akipotewa na sehemu kubwa ya ukuta huo, maji humtoka mchana na usiku, baridi humwingia, na vidudu hupata mlango usio na bawabu. Kidonda kidogo hujifunga chenyewe, maana ngozi hutambaa kutoka kandokando mpaka ikutane katikati. Kidonda kikubwa hakiwezi. Hukaa wazi miezi mingi, na hata kikifunga, kovu lake hujivuta na kukunja viungo, kidevu kikashikamana na kifua, na mkono na kwapa. Dawa hasa ya kidonda cha namna hiyo ni ngozi.

Habari za kale zatoka Bara Hindi. Huko, tangu zamani sana, walikuwako mafundi waliojua kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua. Mwaka 1794 gazeti moja la London, Gentleman's Magazine, lilichapa habari za mwendesha maksai jina lake Cowasjee, aliyelitumikia jeshi la Waingereza. Alitekwa na watu wa Tipu Sultan, akakatwa pua na mkono mmoja. Fundi mmoja wa upande wa Poona alichora kipande cha ngozi katika kipaji cha uso wake, akakibandua, akakigeuza chini na kukifanya pua. Lakini angalieni jambo moja. Fundi yule hakukiachanisha kipande kile na mwili. Alikiacha kimeshikana kwa ukingo mwembamba katikati ya nyusi, ili damu izidi kupita mpaka kiote mahali pake papya. Maana watu waliamini ya kuwa nyama iliyokwisha kukatwa mwilini imekufa, wala hakuna awezaye kuirudisha.

Aliyeijaribu imani hiyo alikuwa Giuseppe Baronio wa Milano, katika Italia. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1804 alieleza jinsi alivyobandua vipande vya ngozi katika mgongo wa kondoo, akavibadilishana, cha kulia akakipeleka kushoto na cha kushoto kulia. Vingine alivishona mara moja. Vingine alivikawiza kwanza, hata kufikia saa nzima. Vikashika. Saa moja si kitu, mtasema, hata chakula hukaa chunguni zaidi ya hapo. Lakini habari yetu yote imezaliwa katika saa ile. Kama ngozi iliyotengwa na mwili yaweza kuishi saa moja, basi haifi kwa kisu. Hufa kwa njaa na kiu baada ya kisu, na njaa ni kitu kiwezacho kucheleweshwa.

Miaka 65 ikapita kabla elimu hiyo haijawafikia wagonjwa kwa nguvu. Mwaka 1869 daktari kijana wa Uswisi, Jacques-Louis Reverdin, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Paris, alichukua vipande vidogo mno vya ngozi ya juu, akavipanda juu ya kidonda cha mgonjwa mahali mbalimbali. Kila kipande kikawa kama kisiwa, na visiwa vikapanuka mpaka vikakutana. Baada yake Karl Thiersch wa Leipzig, katika Ujerumani, aliendeleza njia ya kukata vipande vipana na vyembamba sana kwa wembe mrefu. Faida ya wembamba huo ni kwamba mahali palipokatwa hupona penyewe, yapata majuma mawili, kwa kuwa mashina ya nywele yamebaki chini na ngozi mpya huchipuka humo. Hivyo paja moja laweza kuvunwa zaidi ya mara moja, kama majani ya mchicha.

Ikabaki hoja ya wakati. Mwaka 1903 Mjerumani Wentscher alitoa habari za ngozi ya watu iliyokaa baridini siku 3 hata siku 14, kisha ikapandikizwa. Mwaka 1912 Alexis Carrel, Mfaransa aliyefanya kazi New York, aliandika juu ya kuzihifadhi nyama za mwili katika baridi kwa ajili ya upasuaji, na mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel kwa ustadi wake wa kushona mishipa ya damu na kuhamisha viungo.

Baridi yafanya nini? Mwili umejengwa kwa chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila chembe ni kama nyumba yenye meko yake. Damu huiletea chakula na hewa, na damu huichukulia takataka zake. Ngozi ikikatwa, njia ya sokoni imefungwa, lakini meko bado yawaka na kuteketeza kilichomo ghalani. Mpishi mwenye kuni chache huzivuta nje ya mafiga, akabakiza makaa ya kutosha tu kuuhifadhi moto usizimike. Baridi hufanya kazi hiyohiyo: chembe hupunguza ulaji wake, na akiba ya saa chache ikawa akiba ya siku nyingi. Lakini baridi nayo ina mpaka. Maji yakiganda hutanuka, ndiyo sababu chupa iliyojaa ikiachwa mahali pa kugandishia barafu hupasuka. Ndani ya chembe barafu huota ncha kali kama sindano na kuzirarua kuta. Kwa hiyo madaktari walitafuta baridi iliyo karibu na barafu bila ya kuwa barafu, yaani yapata digrii 4.

Nilipowaeleza wanafunzi wangu habari hizi, mmoja aliuliza swali lililonipendeza kuliko mengine: kama mtoto ameungua mwili mzima, kwa nini baba yake asimkatie ngozi yake? Swali hili liliwasumbua madaktari miaka zaidi ya 70. Mwaka 1870 George Pollock wa London alipanda katika kidonda cha msichana vipande vya ngozi ya msichana mwenyewe na vya watu wengine. Vya kwake vikakaa. Vya wengine vikatoweka. Lakini madaktari wengi hawakukubali. Walidhani labda kisu hakikuwa safi, au kitambaa kilifungwa vibaya.

Hata watu wakubwa walidanganyika. Winston Churchill, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa afisa kijana katika vita vya Omdurman, nchi ya Sudan, mwaka 1898. Mwenzake Richard Molyneux alikuwa na jeraha la upanga mkononi, na daktari akatafuta mtu wa kutoa ngozi. Churchill alitoa mkono wake, akakatwa kipande kama ukubwa wa shilingi, bila dawa ya ganzi. Katika kitabu chake My Early Life, kilichotoka mwaka 1930, aliandika ya kuwa ngozi ile ingali kwa rafiki yake. Kwamba alikatwa na kuumia, sina shaka. Kwamba ngozi ilikaa miaka 30, elimu ya leo yatufanya tutikise kichwa. Yamkini ililifunika jeraha siku chache, na ngozi ya Molyneux mwenyewe ikatambaa chini yake polepole, hata asijue mtu lini mgeni ameondoka na mwenyeji amerudi.

Jawabu lenyewe lilipatikana Glasgow, katika Uskoti, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Marubani wengi waliungua katika eropleni zao, nao wengine hawakuwa na ngozi yao ya kutosha. Peter Medawar, mtaalamu wa elimu ya wanyama wa Oxford, alikwenda kufanya kazi pamoja na daktari mpasuaji Thomas Gibson. Walikuwa na mgonjwa mwanamke aliyeungua vibaya. Wakampanda vipande vya ngozi yake na vipande vya ngozi ya ndugu yake wa kiume. Vya ndugu vilishika kwanza, vikawa vyekundu vya uzima kama vile vya mgonjwa mwenyewe, kisha vikaharibika vyote. Wakapanda tena ngozi ya ndugu yuleyule, na mara hii ikaharibika upesi zaidi. Hapo ndipo walipofahamu. Kama kosa lingekuwa la kisu au la kitambaa, mara ya pili isingekuwa tofauti na mara ya kwanza. Ikiwa mwili umeikataa upesi zaidi, maana yake umejifunza, kama mlinzi aliyekwisha kuiona sura ya mgeni akaikumbuka. Habari hizo zilichapwa mwaka 1943, nazo zikawa mwanzo wa elimu iliyompatia Medawar Tuzo ya Nobel mwaka 1960. Pacha waliotoka katika yai moja tu ndio wawezao kupeana ngozi ikakaa daima, kama James Barrett Brown wa Marekani alivyokwisha kuonyesha mwaka 1937.

Basi zikawako akiba za namna mbili, wala zisichanganywe. Akiba ya ngozi ya mgonjwa mwenyewe hurudi kwake ikakaa. Akiba ya ngozi ya mtu mwingine ni mgeni wa muda, wa kuufunika mwili mpaka mwenyeji apate nguvu.

Nitaanza na ile ya kwanza, maana ndiyo rahisi, na kwa maoni yangu ndiyo ifaayo kujulikana zaidi. Mwaka 1944 Jerome Webster wa New York alieleza jinsi ngozi iliyokaa katika kabati la baridi iwezavyo kushika vema hata baada ya majuma 3, na mwaka 1945 Matthews, daktari wa Uingereza, akaandika vivyo hivyo. Kazi yenyewe huenda hivi. Daktari akimkata mgonjwa ngozi, hukata zaidi kidogo ya atakayoitumia siku hiyo. Iliyosalia hutandazwa juu ya kitambaa cha shashi kilichochemshwa na kuloweshwa katika maji yenye chumvi kidogo, kiasi cha chumvi iliyomo katika damu. Upande mbichi hukunjwa juu ya upande mbichi, usikauke. Kitambaa huviringwa, hutiwa katika chupa safi yenye kifuniko, na juu ya chupa huandikwa jina la mgonjwa na tarehe. Maandishi hayo si jambo dogo. Chupa mbili zikikosewa, mgonjwa atapewa ngozi ya mwenzake, nayo haitakaa. Kisha chupa huwekwa katika kabati la baridi, mbali na mahali pa kugandishia barafu.

Kwa nini ngozi ya mgonjwa mwenyewe isitumike yote siku ileile? Ziko sababu. Kidonda kilichotoka kusafishwa kwa kisu hutoka damu, na damu ikijikusanya chini ya ngozi huinyanyua, nayo hukosa kushika. Katika siku mbili za kwanza ngozi iliyopandwa haina mshipa. Hunywa unyevu wa kidonda tu, kama utambi unavyonywa mafuta, ndipo vijishipa vya damu huanza kuingia. Ikinyanyuliwa wakati huo, hufa. Basi daktari hufunga kidonda, hungoja siku moja au mbili damu ikatike, kisha huifungua chupa na kuitandaza ngozi juu ya kidonda kitandani hapohapo, bila kisu, na bila kumlaza mgonjwa tena kwa dawa ya usingizi. Sababu nyingine ni bahati mbaya. Mara nyingine kipande fulani cha ngozi iliyopandwa hakishiki. Mwenye chupa huziba pengo kwa akiba yake; asiye na chupa humrudisha mgonjwa mezani akamkate paja jingine. Yeyote aliyepata kuungua anajua ya kuwa mahali palipokatwa ngozi huuma, na pengine huuma kuliko palipoungua. Kumwepusha mtoto na maumivu hayo kwa mara ya pili si jambo la kudharauliwa.

Lakini aliyeungua karibu mwili wote hana paja la kuvuna, na hapo ndipo ihitajiwapo akiba ya pili, iliyo ndefu zaidi ya majuma 3. Ngozi hii hutoka kwa watu waliokufa. Wazo lenyewe si geni, maana John Girdner wa New York alimpanda mvulana aliyeungua ngozi ya maiti mwaka 1881. Mwaka 1949 jeshi la majini la Marekani lilifungua ghala la nyama za mwili huko Bethesda, na mwaka 1953 Brown, yuleyule wa habari za pacha, akaeleza jinsi ngozi ya wafu ilivyowafunika wagonjwa walioungua vibaya, ikawazuilia maji na maumivu, mpaka ngozi yao wenyewe ikapata nafasi ya kuvunwa tena.

Kuihifadhi muda mrefu kulitaka kugandisha, na kugandisha kuliua. Jambo hili lilifunguliwa kwa bahati. Karibu na London, mahali paitwapo Mill Hill, Christopher Polge na wenzake Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha mbegu za jogoo katika maji yenye sukari, bila kufanikiwa. Siku moja wakatumia tena chupa iliyowekwa zamani, na mbegu zikaamka zikiwa hai. Walipoichungua dawa ile waliona si sukari hata kidogo. Ilikuwa glisirini iliyochanganywa na ute wa yai, maana chupa zilikuwa zimebadilishana vibandiko. Wakachapa habari hizo mwaka 1949. Glisirini ni ile maji mazito matamu iuzwayo dukani kwa kulainisha mikono. Ikiingia ndani ya chembe huzuia zile sindano za barafu zisiharibu kuta. Mwaka 1952 Medawar na mwenzake Rupert Billingham wakaonyesha ya kuwa ngozi ya sungura iliyoloweshwa katika glisirini yaweza kugandishwa kwa baridi kali, kisha ikaishi. Leo ziko ghala za ngozi zinazoshusha baridi polepole, kisha zikaiweka ngozi katika hewa ya naitrojeni iliyogeuzwa maji, yenye digrii 196 chini ya sifuri.

Waholanzi wakaitumia glisirini kwa njia nyingine. Wao huilowesha ngozi ya wafu katika glisirini nyingi, hata kufikia sehemu 85 katika 100. Glisirini nyingi hivyo huyafyonza maji yote. Chembe hufa, lakini na vidudu vingi hufa pamoja nazo, na ngozi hubaki laini na nzima kwa umbo. Huwekwa katika kabati la kawaida la digrii 4, ikakaa miaka. Haiishi tena, lakini kwa kazi ya kufunika haihitaji kuishi, kwa kuwa hata iliyo hai ingefukuzwa. Naona hiyo ni busara kubwa, hasa kwa nchi ambazo umeme hukatika na mashine ya baridi kali ni ghali kuinunua na ghali kuitunza.

Najua ya kuwa habari ya ngozi ya maiti yawatia wengi uzito moyoni. Kwetu maiti huoshwa, huvikwa na kusitiriwa, na atakayeigusa kwa kisu lazima ajibu. Siwezi kumwamulia mtu neno hilo, nalo ni la kuzungumzwa nyumbani kati ya wazee na wenye maiti wakiwa bado hai. Ila ni haki yajulikane mambo yalivyo. Kinachochukuliwa ni tabaka nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, kutoka mgongoni na mapajani. Uso hauguswi, na maiti huoshwa na kuzikwa kama desturi. Katika nchi zenye ghala hizo iko sheria juu ya idhini.

Kwa upande wetu wa Afrika ya Mashariki, kiko kiungo kimoja na wale marubani walioungua. Archibald McIndoe, mzaliwa wa New Zealand, aliyewatengeneza mamia yao katika mji wa East Grinstead, alikuwa na shamba katika mitelemko ya Kilimanjaro. Mwaka 1957 yeye, na Michael Wood aliyekuwa mpasuaji katika Kenya, na Tom Rees wa Marekani, walianzisha kazi iliyokuja kujulikana kwa jina la AMREF, ya madaktari waendao kwa eropleni mpaka hospitali za mbali. Tafakarini kazi ya daktari wa namna hiyo. Ametua asubuhi, amesafisha kidonda cha mtoto aliyeungua, na jioni lazima aruke kabla ya giza. Kidonda bado chatoka damu, hivyo hawezi kukipanda ngozi vema. Lakini kama hospitali ina kabati la baridi, aweza kukata ngozi hiyo siku hiyohiyo, mtoto angali katika usingizi wa dawa, akaiviringa katika shashi na kuiacha. Siku ya pili au ya tatu mwuguzi aliyefundishwa huifungua chupa, husoma jina, huitandaza ngozi juu ya kidonda kilichokauka damu, hubana kwa kitambaa, kisha huirudisha chupa mahali pake pamoja na kile kilichosalia, mpaka ionekane kama kimehitajiwa.